Herufi za Maharage

Jumamosi iliyopita nilinunua maharage sokoni hapa Same, yale mekundu, na nilipofika nyumbani nikagundua kwamba muuzaji alikuwa amenipimia na nusu ya barabara. Nikachukua ungo, nikakaa kwenye kigoda uani, nikaanza kutoa mawe. Binti yangu, ambaye yuko darasa la kwanza, akaja na kitabu chake cha kusoma. Akageuza ndoo, akaikalia mbele yangu, ungo ukawa katikati yetu. Kabla sijafikiri nikamwambia, "Hapana, mama. Njoo ukae upande wangu." Akauliza kwa nini. Nikacheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuona kuna nini. Ngoja nikusimulie wewe kwanza, binti nitamweleza jioni.

Mimi nililelewa na bibi, mama yake baba, kule Vudee milimani. Baba alikuwa fundi cherehani huku Same, mama alikuwa naye akilea wadogo zangu, nami nilipelekwa kwa bibi tangu nilipoacha ziwa ili asikae peke yake. Sikuona kwamba nimepungukiwa na kitu. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ulimsikia ng'ombe wa jirani kabla hujamwona. Nilishuka kwenda shule miguu imelowa umande, mkononi nina ndizi ya kuchoma ambayo bibi aliitoa kwenye majivu na kuipuliza mara tatu. Mchana nikirudi nilianza kusikia harufu ya makande tangu kwenye kona ya mfereji, na hapo hata mtu angeniita jina langu lote nisingegeuka.

Tatizo lilikuwa moja tu. Mwaka ulikuwa umefika katikati na sikujua kusoma. Kuimba nilijua. Mwalimu akipiga fimbo ubaoni tukaimba a, e, i, o, u, mimi nilikuwa wa mbele kwa sauti. Lakini nikiitwa peke yangu nisome herufi moja, nilisimama pale nikitazama vidole vya miguu yangu.

Baba alipanda kutuona kila mwisho wa mwezi. Safari moja alipitia shuleni kwanza, na alipofika nyumbani hata chai hakuimaliza. "Mama," alimwambia bibi, "huyu mtoto anaimba tu. Shule ikifungwa Desemba kama bado hajui kusoma, namteremsha Same nikamsimamie mwenyewe." Bibi akajibu, "Sawa, baba," kwa sauti ndogo. Siku ile makande yaliungua, jambo ambalo sikuwahi kuliona katika nyumba ile. Mimi nilijificha nyuma ya zizi la mbuzi nikalia. Same kwangu ilikuwa joto, vumbi na mbu, na bibi hayupo.

Kesho yake bibi akaanza shule. Wewe huenda unawaza alikuwa mwalimu mstaafu. Thubutu! Bibi hakujua hata herufi moja. Kitabu cha nyimbo alikwenda nacho kanisani kila Jumapili, na nyimbo zote alikuwa nazo kichwani, kitabu alikibeba kwa heshima tu. Lakini alikuwa amepanga mambo yake. Nikitoka shule, nimeshakula na kufungia mbuzi majani, alishika daftari langu, ungo tukauweka katikati. "Wewe unajua kuimba, mimi najua kutazama," alisema. "Tukiunganisha tutapata kitu."

Basi alilifungua daftari mapajani mwake, akaitazama herufi ambayo mwalimu alikuwa ameniandikia kwa wino mwekundu, kisha akaipanga kwa maharage kwenye ungo, punje kwa punje, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Mimi niliyekaa upande wa pili nilitaja jina lake. Kwa kuwa mwalimu aliandika herufi kwa mpangilio wa wimbo, sikuweza kupotea. Kila herufi niliyoitaja mara tano bila kusita ilichotwa ikaenda chunguni. Tulikula alfabeti nzima, rafiki yangu. Siku ya zamu yetu ya maji, ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ikishafunguliwa na maji yanakuja yakiimba kwenye mfereji, ungo ulibaki nyumbani. Bibi alisimama ng'ambo na jembe lake, mimi huku, naye akachora herufi kwenye tope kwa mpini huku akiyaelekeza maji kwenye tuta la vitunguu.

Nilijua! Baada ya wiki chache nilikuwa nazisoma herufi zote za bibi, hata akizichanganya, hata akiunganisha mbili au tatu. Alicheka na kunipiga mgongoni kwa furaha. Lakini nikifika shuleni nikatazama ubao, hakuna kitu. Herufi za mwalimu zilikuwa tofauti na za bibi. Ni chache tu, kama o na s, ambazo hazikuniangusha, zilikuwa zilezile kwa bibi na zilezile ubaoni.

Utauliza kwa nini sikusema. Nikuambie ukweli, sikuona ajabu. Nyumbani tuliongea Kipare, shuleni tuliongea Kiswahili, na aliyeponyokwa na Kipare darasani alisimamishwa mbele achekwe. Mimi nikaona kwamba kama lugha ni mbili, herufi nazo ni mbili. Kuna za shule na kuna za nyumbani, na za nyumbani haziruhusiwi darasani. Kwa hiyo nilizitunza kimya kimya kama mtoto mwenye adabu.

Siri ilitoka kwa uzembe wangu. Ilikuwa Oktoba, tumepanga foleni mbele ya meza ya mwalimu tusahihishiwe hesabu. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wakati anamsahihishia mwenzangu, mimi nilikuwa nimesimama mkabala naye, na daftari la mahudhurio lilikuwa wazi mbele yake. Nikaliona. Herufi za bibi! Ndizo zenyewe, zimejipanga safu nzima. Mdomo ukaniponyoka, nikaanza kusoma majina ya wenzangu, moja baada ya jingine.

Mwalimu aliinua kichwa. "Unasemaje?"

Nikajua nimekamatwa. Akaligeuza daftari linielekee. "Soma tena." Sikuweza kusoma hata moja. Akaligeuza lirudi kwake, akasema, "Haya, sasa?" Nikasoma mpaka mwisho wa ukurasa, machozi yananitoka.

"Nani anakufundisha nyumbani?"

"Bibi."

"Mnakaaje?"

Nikamwonyesha kwa mikono: bibi hapa, ungo hapa, mimi hapa. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani akajifuta macho kwa khanga, darasa zima likacheka bila kujua linacheka nini.

Jioni ileile alipanda kwetu. Bibi alipomwona kwenye ngazi za shamba alidhani amekuja kusema nishushwe Same hata kabla ya Desemba. Alisahau mpaka kumkaribisha. Mwalimu akaamkia, "Shikamoo, bibi," akakaa, akala makande bakuli mbili, kisha akaomba tumwonyeshe tunavyosoma. Tukakaa kama kawaida yetu. Alipoeleza kwamba herufi zote nilizijua kichwa chini miguu juu, bibi alishika mashavu kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo nimemharibu mtoto wa watu?"

"Hujamharibu, bibi. Umemfundisha vizuri sana, ila umemfundisha kutokea upande wa pili." Akamshika bibi mkono, akamnyanyua, akamkalisha kwenye benchi ubavuni mwangu.

Benchi lile lilikuwa fupi. Nilibanwa kati ya ukuta na ubavu wa bibi, khanga yake inanuka moshi na vitunguu, mkono wake mmoja mgongoni kwangu na mwingine kwenye ungo. Miezi miwili tuliyokaa pale ndiyo miezi mitamu kuliko yote niliyoiishi, na sisemi hivyo ili hadithi ipendeze. Kugeuza kila kitu kichwani mwangu kulinitesa, ila safari hii tulikuwa tunatazama kitu kimoja. Nikikwama hakuniambia. Alikwama na mimi, tukakuna vichwa pamoja.

Desemba baba akapanda. Mtihani wake hakuutangaza. Alifungua gazeti lililokuwa limefungia maandazi, akalikunjua mezani mbele yetu. "Soma hapa." Nilianza. Nilisoma mstari wa kwanza polepole, wa pili nikachangamka, wa tatu nikalifikia neno refu kuliko yote niliyowahi kukutana nayo. Ta. Nikasita. Nilimtazama baba, nikaiona Same yote usoni mwake.

"Tangawizi," alinong'ona mtu.

Baba akageuza shingo taratibu. "Mama, wewe unasoma?"

"Nani? Mimi? Nilikuwa nasali."

Baba akaweka kidole kwenye mstari uliofuata, akamwambia, "Basi endelea kusali hapa." Na bibi, baada ya kujifanya hataki, akainama akasoma maneno manne, moja baada ya jingine, mkono wake ukinibana mgongoni hadi nikaumia. Sikuwa nimejua. Mwalimu hakuwa amejua. Baba akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake tena, akasema nibaki, na kwamba yeye hana ubavu wa kutenganisha darasa.

Nikabaki, nikafaulu darasa baada ya darasa, na nilipomaliza la saba nikachaguliwa kwenda sekondari ya bweni mbali. Hapo ndipo nilipoelewa bibi alikuwa amefanya nini. Alinifundisha kusoma ili nisiondoke, na ni kusoma huko kulikokuja kuniondoa. Alinisindikiza mpaka gari linapoanzia, amevaa khanga mpya, anawaambia abiria wote kwamba huyu ni mjukuu wake na anakwenda shule.

Nikamwandikia barua kwa herufi kubwa, nafasi pana. Jibu lilinifikia baada ya mwezi, kwenye karatasi iliyotolewa katikati ya daftari, mistari inapanda na kushuka: "Nimesoma mwenyewe. Hapa nyumba kubwa. Kula ushibe."

Bibi ametutoka, benchi lililiwa na mchwa, na nyumba ile sasa ina kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa binamu yangu. Karatasi hiyo ninayo. Upweke wake aliusema mara moja tu, katikati ya mistari miwili ya uchangamfu, na mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nikaisoma haraka haraka, nikaenda kula.