Kilemba Kilichokaa Mbele

Mama Ayinla, muuza vitambaa wa Ogbomosho, hajapata kwenda harusini na kilemba kifupi. Jumamosi hiyo alifunga cha buluu, kirefu kama mnara wa msikiti, ndipo akaketi kiti cha mbele katika gari la mumewe.

Kiegemeo cha kichwa kikakisukuma kilemba hadi kikamfunika macho.

"Baba Ayinla, kiti chako kina ugomvi na mimi!"

"Wewe egemea tu, unyamaze."

"Niegemee wapi? Shingo imepinda kama ya kuku anayechinjwa!"

Joto lilipozidi, mume akashusha kioo chake. Upepo ukaingia ukiwapiga masikioni du-du-du, kama mtu anayetwanga viazi vikuu.

"Shusha na cha nyuma, upepo upate pa kutokea!" akafoka Mama Ayinla.

Mtwango ukakoma, lakini kilemba kilikuwa kimeshalala ubavu. Mama Ayinla akaamuru gari lisimame. Akakivua kilemba, akakivalisha kiegemeo, kisha akahamia nyuma na kujinyoosha.

Walipofika Ilorin, mabinti wa nyumba ya harusi wakakiona kilemba nyuma ya kioo chenye vumbi, wakapiga magoti kando ya mlango wa mbele wa gari. "Shikamoo, mama!"

"Msalimieni vizuri," akasema Mama Ayinla kutoka nyuma. "Huyo ndiye mke ambaye baba yenu huyu anamtaka: ameegemea, na amenyamaza."