Sekunde Ishirini za Nasreen

Elimringi anatengeneza simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Mimi nauza makava pembeni yake, ndiyo maana mambo yake nayajua. Kila Jumapili huendesha mashindano ya sataranji mtandaoni, wachezaji wametawanyika kuanzia Kigoma hadi Kilwa, na anachoogopa kuliko chochote ni wizi. Mwaka juzi wawili walikamatwa wakitafutiwa hatua na simu nyingine. Basi akatunga sheria: kila mchezaji aweke simu ya pili pembeni, imwonyeshe yeye na meza yake. Akitoka kwenye picha zaidi ya sekunde ishirini, amefungwa. Hakuna mjadala.

Safari hii mshindi alikuwa anapata nafasi moja, moja tu, ya kwenda kucheza Kampala. Kwenye fainali, Nasreen, binti wa Kilwa, alikuwa amebakiza hatua mbili tatu amalize kazi. Tukasikia hodi. Akainuka, akapotea kwenye picha.

"Shikamoo babu," tukamsikia.

Marahaba ikaja taratibu, ikafuatiwa na habari za mama, za shamba na za mguu unaouma. Nasreen alirudi kwenye sekunde ya thelathini na nne.

Elimringi akashika kichwa. Akairudia video mara tatu, sijui akitafuta nini. Nikamwambia amsamehe, mtoto wa watu hakuiba kitu. Nilikasirika kweli. Hapohapo ujumbe wa Bakili, mchezaji wa Kigoma, ukaingia kwenye grupu: mwaka jana yeye alitolewa kwa kwenda kufunga dirisha, mvua inaingia ndani. Hakumtukana mtu. Aliuliza tu kama sheria bado ni ileile.

Elimringi amjibu nini? Akampigia Nasreen.

"Dada, najua hukuiba. Lakini umefungwa."

Binti akaanza kulia. "Kaka, ningekaaje kwenye kiti na babu amesimama mlangoni?"

Mara mzee mwenyewe akachukua simu, akataka kujua nani anamliza mjukuu wake. Elimringi akainuka kwenye stuli, bisibisi mkononi, akasimama wima.

"Shikamoo babu," akasema.

Mzee, pamoja na hasira zake, akaitikia marahaba, kisha akaanza kumuuliza habari za nyumbani. Elimringi akajibu moja baada ya nyingine. Hakukaa mpaka mzee alipomaliza.