Kikuba cha Bibi

Juzi nilipita Temeke nikamkuta mama mmoja anauza vikuba, yale mafungu ya asumini na mrehani ambayo wanawake wa pwani hubandika kifuani. Nilinunua kimoja, na harufu yake ikanirudisha barazani kwa bibi yangu.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, Bibi alikuwa anapeta mchele huku anaghani ubeti alioutunga mwenyewe:

*Kikuba kimekauka, mnusaji kaondoka,*
*Mvi zimenifunika, akija atashituka.*

Mie nilielewa kila neno, na kwa akili yangu tatizo lilikuwa maua tu. Huyo mnusaji nilidhani kaenda sokoni, atarudi. Nikakimbilia uani kwa jirani, nikachuma asumini mpaka viganja vikanukia, nikazifunga kwa uzi wa kushonea.

"Bibi, kikuba kipya hiki. Usihuzunike tena."

Ungo ukatulia mapajani mwake. Alikitazama kile kikuba changu kilichopinda, kisha akakipachika kwenye kanga, kifuani.

"Sasa nani atakinusa, mjukuu wangu?"

"Mie."

Nikainama, nikavuta pumzi kwa nguvu. Palinukia asumini, jasho na vumbi la mchele. Bibi alinikumbatia pale pale, hakuniachia. Kifua chake kilikuwa kinatikisika, nami nikafurahi, maana nilijua anacheka.

Kile cha juzi nilikivaa mpaka nyumbani, Goba. Kilinyauka taratibu kifuani, na hakuna aliyeniuliza mbona leo nanukia.