Meli ya Kuchorwa ya Kasenyi

Watu wakiniuliza kama Kasenyi ni mahali pa kwenda kutembea, huwa nawauliza kwanza wanakwenda kutafuta nini. Kama ni samaki, samaki wale wale wanapandishwa kila siku mpaka sokoni kwetu Bunia. Kama ni joto, lipo, linakungoja chini ya mteremko. Lakini kama una mtu wako aliyepotelea kule, hapo mimi sina ushauri. Nilikwenda mara moja tu, pamoja na mama yangu.

Nilipokuwa mtoto, hakuna aliyeshuka Kasenyi kwa starehe. Palikuwa bandari ya kazi kando ya ziwa, pananuka samaki na mafuta ya mazutu. Meli ilitokea Mahagi-Port ikipiga honi, na wachuuzi wakakanyagana kuifikia. Baba alikuwa mmoja wao. Alinunua makayabo, samaki wa chumvi, akaja kuwauza Bunia, na mara nyingine alivuka kwa mtumbwi mpaka upande wa Uganda. Nilikuwa darasa la pili alipovuka mara ya mwisho. Mtumbwi ulipinduka. Wenzake wawili waliokotwa wakiwa maiti, baba hakuonekana.

Kwao baba, upande wa Mahagi, mtu aliyepotea majini haachwi hivi hivi. Ndugu zake walingoja mpaka wakachoka, kisha wakachuma tunda la mwegea, lile refu na zito linaloning'inia kama kwenye kamba, wakalivika shati lake na kulizika badala ya mwili. Padri hakupenda, lakini alikuja na maji ya baraka, akawa anatazama mawingu wakati tunda linateremshwa. Nakumbuka vifungo vya lile shati vilifungwa vyote mpaka cha juu, na hakuna mtu aliyecheka.

Tangu siku hiyo mama hakutia mdomoni samaki wa ziwa lile. Alisema samaki wanajua baba alipo kuliko sisi, na hataki kukutana naye kwenye sahani.

Baba mwenyewe hakutulia. Alimjia mama ndotoni, maji yanamtiririka, akasimama mlangoni akiomba shati. Asubuhi mama aliinama na kugusa saruji ya mlangoni kuona kama imelowa. Siku moja nami niligusa, na kweli ilikuwa imelowa. Nilijiambia ni bati linavuja, na kwa miaka mingi nikaendelea kujiambia hivyo. Seremala mmoja wa mtaa wa Nyakasanza, mtu mpole asiye na makuu, alitaka kumwoa mama. Mama alimjibu kwamba hawezi kumwingiza mume wa pili ndani wakati wa kwanza bado amesimama mlangoni amelowa. Seremala alitikisa kichwa, akatutengenezea meza, akaendelea kungoja.

Nilipokuwa darasa la tano meli iliacha kuja. Sikusahau mwaka huo, kwa sababu mwalimu wetu alizoea kwenda kwao kwa meli hiyo, na likizo ile alibaki Bunia amenuna, akatumalizia hasira yake kwenye hesabu. Bandari ikalala.

Ilipoamka, miaka ya themanini ilipoanza, haikuwa bandari tena. Ilikuwa duka. Mtu alifungua baa, mwingine akaleta mtumbwi wa injini wenye radio, anawazungusha watu majini robo saa na kuwarudisha pale pale walipopandia. Walikiita kitu hicho kruazieri. Kila Jumapili kamyo, yaani lori, ilishuka kutoka Bunia imejaa wakubwa wa ofisi, wachuuzi na mabibi zao, wakarudi jioni wamevaa kofia za majani zilizoandikwa Kasenyi, utadhani wametoka Ulaya. Mimi nilikuwa mwalimu tayari, na dharau nilikuwa nayo ya kutosha. Nilisema hata mbuzi angecheka akiambiwa apande chombo kisichofika popote.

Jirani yetu mmoja, mama aliyewahi kuuza makayabo pamoja na baba, alikwenda na kamyo hiyo. Jumatatu alikuja kwetu mapema, hakukaa hata alipopewa kiti. Mama alikuwa anamenya mihogo.

"Jana nilimuona bwana yako kule Kasenyi," alisema. "Iko mu foto."

Akatueleza. Kule bandarini kulikuwa na mpiga picha. Picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua alizibandika kwenye ubao, wateja wapya wazione na kuvutika. Baba alikuwa kwenye ubao huo. Mama aliendelea kumenya muhogo uliokwisha menywa, mpaka ukabaki mwembamba mkononi mwake.

Tulibishana Jumapili tatu zikapita. Nilitaka kwenda. Nyumbani hatukuwa na picha ya baba hata moja, na uso wake ulikuwa umenitoka. Nilikumbuka tu mkono wake wa kushoto, ambao kidole cha mwisho hakikuwa na ncha, kilikatwa na kamba ya wavu. Mama alisema mtu aliyezikwa hatazamwi tena usoni, ni kumwita. Nilimwambia kwamba tulichozika ni tunda. Hilo sikupaswa kulisema.

Asubuhi moja nilimkuta ameinama, kiganja chake kiko sakafuni. "Twende," alisema. "Pengine njo foto anaomba, hapana shati." Yaani alichokuwa anaomba baba mlangoni huenda ni picha.

Tulipanda kamyo pamoja na watu wa kofia. Baada ya Bogoro barabara inaanza kuteremka, ziwa linaonekana chini, jeupe, halina mwisho. Wenzetu waliimba. Mama alishika rozari na kufunga macho mpaka hewa ikawa nzito na ya moto, akajua tumefika.

Hapakuwa pabaya, niseme ukweli. Palikuwa na kelele na moshi wa samaki wa kuchoma, na watoto wanakuvuta nguo ununue shanga. Mpiga picha alikaa penye gati la zamani. Nyuma yake alisimamisha kipande kikubwa cha turubai kilichochorwa meli nyeupe yenye moshi mweusi, na mbele ya turubai hilo alipigilia ukingo wa mbao, ili mteja aweke mikono na aonekane yuko safarini.

Ubao wa picha ulikuwa pembeni. Mama alimwona kabla yangu. Najua, kwa sababu aliacha kutembea.

Baba alikuwa amesimama mbele ya meli ile, shati jipya, amenenepa kidogo, anataka kucheka. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya ukingo, na kidole cha mwisho hakikuwa na ncha. Moyo wangu ulijaa furaha. Nilitaka kuibusu ile karatasi mbele ya watu wote. Nilimwuliza mpiga picha kama anamkumbuka mtu huyu. Alisogea, akatazama, akasema hapana, wateja wake ni wengi. Nikamwuliza basi ni picha ya mwaka gani, kabla baba hajazama au lini.

"Mwaka siujui," alisema. "Lakini hizi zote ni za kisha meli kuacha kuja. Ile ya kweli ilipopotea, njo nikachora hii."

Darasa la pili. Darasa la tano. Sikuhitaji kuhesabu kwa vidole, nilikuwa mwalimu. Wakati baba aliposimama pale akitaka kucheka, tunda lilikuwa kaburini miaka mitatu au zaidi limevaa shati lake, na sisi tulikuwa tunamwombea misa.

Niligeuka kumtazama mama. Alikuwa anakitazama kile kidole.

"Mama," nilisema, "njo yeye?"

"Hapana yeye," alisema.

Mpiga picha alitaka kuibandua atupe. Mama alikataa kwa mkono, akaenda kwenye baa, akakaa, akaagiza samaki. Nilidhani nimesikia vibaya. Waliposhusha sahani alimpasua kwa vidole, akala mgongo, akala mashavu, akanyonya kichwa. Nilikuwa na hasira, sijui ni juu ya nani. Nilimwambia anakula samaki wa ziwa.

"Hawa samaki hawakunifanya kitu," alisema.

Hatukulizungumza tena jambo hilo mpaka alipofariki. Kwa padri alibaki mjane, na mjane anaruhusiwa kuolewa. Kabla ya Noeli seremala alikuwa anakula kwenye meza aliyotutengenezea mwenyewe.

Mimi ndiye niliyebaki na swali. Kama baba alikuwa hai, akinenepa upande wa pili wa ziwa, basi ni nani aliyesimama mlangoni kwetu miaka yote ile akiomba shati? Kesho yake baada ya safari ile mama aliamka akiimba, hakuinama. Niliinama mimi. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima, na saruji ilikuwa imelowa.