Mwangati Ulioteremshwa Pwani

Mama alizaliwa Shume, juu kabisa Usambara, penye baridi ya kugonganisha meno. Katika miaka ya hamsini baba alipata kazi ya ufundi kwenye shamba la mkonge upande wa Mwera, huku pwani. Mama akateremka naye pamoja na sisi watoto, kapakata mche wa mwangati ndani ya kopo la samli. Aliupanda mbele ya nyumba yetu ya kambini, kisha akamwambia baba bila kuzunguka, "Ukishika huu, na mimi nitakaa. Ukifa, napanda basi nirudi kwa mama."

Baba aliulea ule mche kuliko alivyotulea sisi. Aliujengea kivuli cha makuti. Akaumwagilia asubuhi na jioni, na kila ulivyozidi kunyauka ndivyo alivyozidi kuleta ndoo. Jirani yetu wa Kizigua alikuwa hapiti bila kumchokoza.

"Shemeji, mti huo unaumwagilia au unauogesha?"

Maskini baba! Kwao ni Bumbuli, upande wa Usambara usiokauka mvua, na huko mwangati huuoni. Alichokijua ni kwamba kinachonyauka hupewa maji. Mwangati ni mti wa migongo mikavu ya juu, unaishi kwa ukungu na usiku wa baridi, na baridi haichotwi kwa ndoo. Ulianza kukauka kutoka chini.

Mama alipokwenda Tanga kujifungua mdogo wangu, ukafa kabisa. Baba akauchungulia, akakaa chini kizingitini. Sijawahi kumwonea mtu huruma namna ile. Kesho yake alitembea mpaka ufukweni, akarudi na mche wa mvinje, ule mti wa pwani wenye majani membamba kama nyuzi, ambao kwa mbali unaweza kudhani ni mwangati. Akaupanda kwenye shimo lilelile, akaniambia nifunge mdomo.

Mama alirudi na mtoto mgongoni. Akasimama mbele ya mti, akachuma jani, akalinusa.

"Umeshika," baba alisema.

"Naona," mama akajibu, akaingia ndani kufungua mizigo.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza kama kweli hakutambua. Alicheka hadi akafuta machozi kwa upande wa khanga.

"Mwanangu, mwangati naujua hata nikifumba macho. Lakini mwanamume anayekwenda kunitafutia mti wa kunidanganya ili nisiondoke, ningemwachia nani?"