Nilizindua albamu ya gitaa tupu la country hapa London, watu wakaulizia mwimbaji

Wakuu, habari za humu. Hiki kimenikuta mimi mwenyewe na sipunguzi kitu.

Mimi ni mtu wa Moshi, naishi Hayes, kazi warehouse. Nina kigugumizi tangu utotoni. Hapa kwenye keyboard nateleza tu, ila ana kwa ana utanisubiri.

Kwa hiyo huwa naongea kwa gitaa. Country, ile ya kaseti za marehemu baba. Nikarekodi albamu nzima, hakuna anayeimba.

Uzinduzi tukaufanyia hall moja Stratford. Wabongo wakajaa, pilau lipo.

Wimbo wa kwanza tu, DJ akanisogelea. "Kaka, vocals hazitoki, ngoja nicheki cable."

Nikatikisa kichwa. Akaendelea kutafuta cable.

(Mnaojua bendi zetu mnaelewa. Mtu akija mbele kutunza pesa, anataka atajwe jina ndani ya wimbo. Sasa gitaa litamtaja vipi?)

Mama Neema, mlezi wa chama chetu cha Wabongo wa hapa, akaja na noti yake. Akasimama mbele yangu akisubiri jina. Nikaendelea kupiga. Akarudi kukaa nayo.

MC akaona anisaidie. Akashika mic, akaanza kutaja majina juu ya gitaa langu. "Mama Neema yupo! Watu wa Harrow mpo?"

Ukumbi ukachangamka. Mimi niliumia, wakuu.

Toka darasa la kwanza watu wananimalizia sentensi. Walimu, makonda, hata meneja wangu hapa. Wote wanadhani wananisaidia. Sasa na gitaa pia?

Nikaacha kupiga, nikaenda kuchomoa waya wa mic yake. Kisha nikasema, na nilichukua muda wangu:

"Na... na... naomba nimalize mwenyewe."

Safari hii hakuna aliyenimalizia neno.

Nikapiga nyimbo zote zilizobaki. Wengine waliondoka na pilau lao kwenye foil, sawa tu. Mama Neema alikaa, mikono kifuani, mpaka mwisho. Halafu akaja akanibandika noti yake kwenye paji la uso. Hakuna aliyemtaja.

Mpaka leo kwenye group la WhatsApp wananiandama: "Weka hata chorus kidogo." Siweki.

Nilichojifunza: ukinyamaza kwa adabu, watu wataendelea kukusemea.

Uwanja ni wenu. Mkitaka semeni albamu mbovu, nitasoma zote. Ila msinimalizie.