Ukimya wa Chumba

Kwa fundi sauti, hakuna anayesema neno kabla ya kunyamaza kwanza. "Tulieni kidogo," husema, kiganja juu, "nirekodi ukimya wa chumba." Ukimya huo ndio kiraka chake: akikata kikohozi au mhemo kwenye kompyuta, huziba nao mwanya, vidole vyake vinene vikipapasa kibodi kama vinachambua mchele.

Leo amekuja binti wa mzee aliyezikwa juzi, asikilize maneno aliyorekodi baba yake. Alivaa hedifoni, akasikiliza, akazivua. "Huyu si baba. Baba alikuwa akihema kila baada ya neno."

Fundi aliinamisha kichwa. Mihemo yote aliikata mwenyewe, akahifadhi juu ya rekodi ya awali ikafutika, akidhani anamsitiri mzee. Alipekua kompyuta mpaka akakuta ukimya wa siku aliyomrekodi mzee, aliouweka kando kwa kuwa ulichafuka. "Sina kingine, mwanangu," alisema, akamrudishia hedifoni na kuucheza.

Mzee alikuwa amenyamaza kama alivyoambiwa. Kifua ndicho kilichokataa. Kilikwaruza, kikapumzika, kikakwaruza tena.

Binti alifumba macho. "Rudia, mjomba."

Fundi akarudia. Kiganja chake kilikuwa juu, na chumbani hakuna aliyekuwa akisema.